Mtoto kulazwa usingizi kwa ajili ya meno: mwongozo wa mzazi kuanzia kliniki mpaka kurudi nyumbani

Hii ni kwa wewe mzazi ambae umetoka kwa dokta wa meno umeambiwa "huyu itabidi tumlaze ndio tumtibu" na sasa hivi umekaa na simu unatafuta maelezo, bibi yake anasema mtoto wa miaka minne apigwe nusu kaputi kwa ajili ya jino tu jamani, baba anauliza bei, na wewe mwenyewe hujui ushike lipi. Mimi ni nesi, kazi yangu ni chumba cha kuamkia, yaani watoto wakitoka thieta nawapokea mimi mpaka wakae sawa, na maswali mengi wazazi wanayoniuliza mtoto akiwa tayari yuko ndani yalitakiwa yaulizwe wiki moja au mbili kabla. Nimeyapanga hapa kwa jinsi mambo yanavyofuatana.

Kabla ya hatua yoyote shika hili moja. Daktari wa meno akiwa kazini macho yake yako kwenye jino, mikono yake iko mdomoni, kuna maji, kuna damu, kuna drili, na hapohapo ndipo pumzi ya mtoto inapopita. Hawezi kuchimba jino na kuchunga pumzi kwa wakati mmoja, hata awe bingwa namna gani. Lazima awepo mtu mwingine, aliyesomea usingizi, ambae hana kazi nyingine yoyote zaidi ya kumwangalia mtoto anapumuaje. Ukijua huyo mtu ni nani na yuko wapi, umeshajua zaidi ya nusu ya unachotakiwa kujua.

Hatua ya 1: hakikisha kweli hakuna njia nyingine

Usingizi unakuja baada ya njia nyepesi kushindikana au kuonekana wazi kwamba hazitafaa. Muulize dokta waziwazi, kwa ganzi ya kawaida mtoto akiwa amepakatwa na mama yake haiwezekani? Tukipaka ile dawa ya fedha na floraidi tukasubiri akue kidogo je? Hiyo dawa inasimamisha kuoza bila kuchimba na bila sindano, na Shirika la Afya Duniani waliiingiza kwenye orodha yao ya dawa muhimu mwaka 2021. Ubaya wake inaacha weusi kwenye sehemu iliyooza na hautoki, kwa magego ya nyuma wazazi wengi hawana neno, ila kwa meno ya mbele wengi wanakataa.

Kuna kuziba kwa vifaa vya mkono, daktari anakwangua ile sehemu iliyolainika kisha anaziba kwa saruji inayotoa floraidi, hamna drili. Hii njia sasa inatumika dunia nzima na ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kina Jo Frencken walipokuwa wanatafuta namna ya kuziba meno sehemu ambazo hazina umeme, kwa hiyo ukiona dokta ameshika kikwanguo badala ya mashine usidhani amekosa vifaa. Kuna pia kofia ya chuma inayovikwa juu ya gego bila kuchonga wala kuchoma sindano, ilienea kutoka Scotland kwa daktari mmoja anaitwa Norna Hall. Sio kila jino linafaa, jino lenye jipu halivikwi kofia likaachwa hivyohivyo, lakini uliza.

Sasa kuna watoto ambao kwao usingizi ndio njia ya haki kabisa. Mtoto mdogo sana mwenye meno nane au kumi yaliyooza kwa mkupuo, mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo ambae hawezi kukaa kwenye kiti hata dakika tano, mtoto ambae ameshashikiliwa kwa nguvu huko nyuma na sasa akiona koti jeupe anatapika kwa hofu. Hapa nasema kwa moyo wangu wote, kumshika mtoto watu watatu ukamng'oa magego manne huku anapiga kelele sio kuepuka madhara, ni kuyahamisha, na atakuja kuwa mtu mzima anayekimbia daktari mpaka uso uvimbe. Na msidanganyike kwamba meno ya utoto yataanguka yenyewe kwa hiyo yaachwe. Yako 20, yale ya mbele yanaanza kutoka karibu na miaka 6 lakini magego ya nyuma yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12, mtoto wa miaka minne mwenye gego bovu ana miaka mingi ya maumivu mbele yake, hali vizuri, halali, shuleni hasikilizi. Wala msijione mko peke yenu, Uingereza pamoja na utajiri wake wote kuoza meno kumekuwa kwa miaka sababu inayoongoza ya kulaza hospitali watoto wa miaka 5 mpaka 9.

Kitu kimoja hakisubiri mpango wowote: shavu limevimba mpaka jicho linafumba, au uvimbe uko chini ya taya na mtoto anashindwa kumeza mate, au ana homa kali na amelegea. Hiyo ni hospitali kubwa leoleo, hata kama ni usiku.

Hatua ya 2: jua ni usingizi wa aina gani unaozungumziwa

Wazazi wengi wanasikia "dawa ya usingizi" wanadhani ni kitu kimoja, kumbe ni vitu vinne tofauti, na hatari zake hazilingani.

Ya kwanza ni gesi ya kuvuta puani, naitrasi oksaidi iliyochanganywa na oksijeni. Mtoto halali, anatulia, anajisikia mwepesi, anaongea na kujibu ukimuita. Inaingia kwa dakika chache na inatoka kwa dakika chache, mwishoni wanampa oksijeni tupu kama dakika tano hivi ndio wanamwachia. Hii ndio salama kuliko zote ila inamtaka mtoto akubali kuvaa kipua na apumue kwa pua, kwa hiyo mwenye mafua au pua iliyoziba haimfai, na chini ya miaka minne wengi hawatulii nayo. Bado atahitaji sindano ya ganzi, gesi inaondoa hofu zaidi kuliko maumivu.

Ya pili ni dawa ya kunywa, mara nyingi midazolamu. Inachukua kama dakika 20 mpaka 30, mtoto analegea, anasinzia sinzia, na baadae mara nyingi hakumbuki kilichotokea. Kuna watoto wachache inawageuza, badala ya kutulia wanapandisha, wanalia na kupiga. Na hapa sikilizeni jamani: dawa hii haipewi nyumbani. Mtu akikwambia mpe kijiko kabla hamjatoka ili mfike ameshalegea, mkatalie. Mtoto aliyelala kwenye gari kichwa kimeinama mbele njia ya hewa inajiziba, na hamna mtu wala kifaa cha kumsaidia hapo barabarani.

Ya tatu ni dawa ya mshipani, ketamini au propofoli au mchanganyiko, mtoto anakuwa amelala au anakaribia kulala. Ya nne ndio nusu kaputi kamili, hajitambui kabisa na anapumulia mpira au maski maalumu.

Ninachotaka uelewe ni kwamba kati ya hizi hamna ukuta. Dawa ileile inayomlegeza mtoto mmoja inaweza kumlaza mwingine kabisa hata kipimo kikiwa sahihi, na watoto wanateleza kwenda chini haraka kuliko sisi, ulimi wao ni mkubwa kulingana na mdomo, tonsili zimejaa, koo lao la hewa ni jembamba kama kidole chao cha mwisho, na oksijeni mwilini mwao inaisha upesi. Kwa hiyo ukisikia "tutampa ka-dawa kidogo tu hata hatalala" bado maswali ya hatua inayofuata yanakuhusu, tena pengine zaidi, maana nusu kaputi ya thieta ina mtu wa usingizi na mashine zake zote, wakati ka-dawa kidogo kanaweza kutolewa chumbani ambako hata oksijeni hamna.

Hatua ya 3: uliza maswali haya kabla ya kulipa hata shilingi

Swali la kwanza, nani atamlaza na nani atamwangalia pumzi muda wote? Jibu zuri ni jina la mtu na cheo chake, daktari bingwa wa usingizi au mtaalamu wa usingizi aliyesomea, na anawalaza watoto mara kwa mara. Jibu la "nitafanya mimi mwenyewe nimezoea" likitoka kwa yuleyule anayetibu meno, shukuru na uondoke, usione aibu. Hii sio kumdharau dokta. Marekani, mwongozo wa madaktari wa watoto na wa meno ya watoto uliohuishwa 2019 unasema usingizi mzito kwenye kliniki ya meno unataka watu wawili waliofunzwa kuokoa mtoto, anayetibu jino na anayesimamia usingizi peke yake. Uingereza walienda mbali zaidi, tangu mwisho wa 2001 nusu kaputi ya meno haifanyiki tena kwenye kliniki za mtaani, ni hospitali tu yenye huduma ya wagonjwa mahututi. Tena hata siku ile maarufu ya tarehe 16 Oktoba 1846 kule Boston, etha ilipoonyeshwa mbele ya watu, William Morton ambae alikuwa daktari wa meno alitoa usingizi, na John Warren ndiye aliyepasua. Watu wawili, kila mmoja na kazi yake.

Swali la pili, wapi? Kwa mtoto wa nusu kaputi mimi nataka hospitali, yenye thieta na chumba cha kuamkia na uwezo wa kumhamishia wodi ya uangalizi maalumu kikitokea kitu. Hospitali za rufaa zenye kitengo cha meno na vyuo vikuu vinavyofundisha meno huwa wanafanya, foleni ndefu lakini wapo.

Swali la tatu, vifaa. Huna haja ya kujua kutumia, uliza tu vipo: oksijeni, mashine ya kufyonza mate na damu, maski na mipira ya saizi ya mtoto (sio ya watu wazima), ile klipu ya kidoleni inayosoma oksijeni, kipimo cha presha na mapigo ya moyo, na mashine inayosoma hewa ya kaboni anayoitoa kila akipumua. Hii ya mwisho ni ya muhimu sana, kwa sababu klipu ya kidole inachelewa, mtoto anaweza kuwa ameacha kupumua na namba bado inaonekana nzuri kwa muda.

Swali la nne, mtafanya meno mangapi na yapi? Omba mpango wote uandikwe na picha ya eksirei ikiwezekana. Akilala mara moja amalize yote, yanayong'olewa yang'olewe, yanayovikwa kofia yavikwe, kwa mtoto ambae meno yanaoza haraka ni heri kofia ya chuma kuliko kuziba kidogo kidogo alafu baada ya miezi nane mnarudi kulala tena. Na kwa wenye watoto chini ya miaka 3 wanaosumbuka na habari kwamba dawa za usingizi zinaweza kugusa ubongo: mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kulazwa usingizi mara nyingi au kwa zaidi ya saa 3 kwa watoto wa umri huo. Upande wa pili utafiti mkubwa uliofuata watoto waliolazwa chini ya saa moja wakiwa wachanga, ukawapima wakiwa na miaka 5, matokeo yalitoka 2019 na hawakuwa na tofauti na wenzao. Kwa hiyo mara moja, kwa mpango, muda mfupi, usikeshe kwa hofu ya hilo.

Gharama, omba mchanganuo wa maandishi, usingizi peke yake, thieta peke yake, meno peke yake. Kama mna bima omba kibali mapema na kitaje usingizi, maana bima nyingine zinalipa jino na kukataa usingizi na mnalijua hilo dirishani asubuhi mtoto amefunga.

Hatua ya 4: mwambie mtu wa usingizi kila kitu

Kutakuwa na siku ya kuonana nae, au asubuhi yenyewe. Mtoto apimwe uzito siku hiyohiyo kwa mzani, usitaje wa kwenye kadi ya kliniki ya mwaka jana, maana dawa zote zinahesabiwa kwa kilo.

Sikoseli iko juu ya orodha. Tanzania ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, na mtoto mwenye ugonjwa huu akikaa na kiu, akipigwa na baridi ya thieta au oksijeni ikishuka anaweza kuingia kwenye krisisi, yaani yale maumivu makali ya sikoseli. Haimaanishi hatatibiwa, inamaanisha anapangwa tofauti, drip mapema, joto, damu kuangaliwa kabla. Kama hajawahi kupimwa na kwenye ukoo yupo mwenye nayo, omba apimwe. Mengine ya kusema: pumu na pampu anayotumia, moyo (hata kama mliambiwa tu zamani ana mlio), degedege, kukoroma sana usiku na kushtuka kama anakosa pumzi, kuvuja damu kusikoisha akijikata, aleji, kuzaliwa njiti, dawa anazotumia na hizi za kienyeji pia, usizifiche kwa kuogopa kufokewa. Na kama kuna ndugu wa damu aliwahi kupata tatizo kubwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, homa kali ya ghafla au kuchelewa mno kuamka, litaje, kuna vitu vinarithiwa. Jino linalotikisika lionyeshe, lisije likaangukia kooni.

Mafua na kikohozi ndio yanayoleta ubishi mwingi. Kamasi jepesi la wazi bila homa, mtaalamu ataamua. Kikohozi chenye makohozi, homa, kifua kinapiga filimbi, hapo inaahirishwa, mara nyingi wiki mbili mpaka nne, kwa sababu njia ya hewa inakuwa bado ina hasira na inaweza kujikaza akiwa amelala. Najua mmeomba ruhusa kazini, najua mmetoka Bagamoyo au Kibaha usiku, lakini usimpe dawa ya kukausha mafua asubuhi ili aonekane mzima.

Hatua ya 5: mwandae mtoto

Siku mbili tatu kabla kwa mdogo, wiki moja kwa mkubwa. Mwambie ukweli kwa maneno mafupi: meno yanauma kwa sababu yameoza, dokta atakupa hewa ya kulalia, utalala, akimaliza utaamka na mama yupo. Usimwambie mnaenda Mlimani City kula aiskrimu alafu ajikute hospitali, hatakuamini siku ya pili. Na usimtishie sindano nyumbani anapokuwa mtundu, hiyo tabia inatuharibia kazi. Mchezee maski ya kikombe cha plastiki puani, apumue kwa nguvu kama anapuliza puto. Kama ana kanga ya mama au mdoli anaolala nao, mje nao, tunaruhusu.

Hatua ya 6: kufunga kula, hapa ndipo pa kuwa mkali

Mtu akilala usingizi wa dawa koo linalegea, na chakula kilichoko tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Hii ndio sababu, sio ukatili wala sio utaratibu wa kusumbua watu.

Saa za kawaida ni hizi: chakula chochote na maziwa ya kopo au ya ng'ombe, saa 6 kabla. Ziwa la mama, saa 4. Maji meupe, chai ya rangi isiyo na maziwa, juisi iliyochujwa unayoona mpaka chini ya glasi, saa 2. Hospitali nyingine, hasa zinazofuata mwongozo wa Ulaya, wanaruhusu maji mpaka saa 1 kabla, fuata mlichoambiwa na hospitali yenu.

Uji ni chakula. Narudia, uji ni chakula, hata uwe mwepesi vipi, hata uwe wa lishe, hata uwe nusu kikombe. Mtindi, supu, maji ya matunda yenye nyama nyama, vyote ni chakula. Kila mara kuna mzazi anasema "hajala kitu, uji tu".

Kwa mfano operesheni ni saa 2 asubuhi. Chakula mwisho saa 8 usiku, yaani kwa kawaida ni kile cha jioni, ale ashibe vizuri, msiamke usiku kumlisha wali. Ziwa mwisho saa 10 alfajiri. Maji mwisho saa 12 asubuhi, na hapo sio tu anaruhusiwa, mpe kabisa, mwamshe anywe. Wazazi wengine kwa uoga wanamfungisha tangu magharibi ya jana, mtoto anafika sukari imeshuka, mshipa hauonekani, analia kwa kiu, na mwenye sikoseli ndio hatari kabisa. Dawa zake za kila siku uliza zipi anywe, mara nyingi ni kwa funda la maji.

Alafu watu wa nyumbani wote wajue, dada wa kazi, bibi, kaka yake mwenye huruma anayempa nusu ya andazi mlangoni. Pekua mifuko ya kaptula kuna biskuti na bigijii. Na kama amekula, sema. Hatutakugombeza, tutasogeza saa au siku, basi. Mzazi anayeficha andazi ili asipoteze nafasi yake anatunyima taarifa moja ambayo hakuna mashine inayoweza kutuonyesha.

Hatua ya 7: siku yenyewe

Njooni watu wazima wawili. Mtoto avae nguo za vifungo mbele, asipakwe rangi ya kucha wala piko vidoleni maana vinaweza kuchanganya kile kipimo cha oksijeni, hereni na bangili zibaki nyumbani. Ile fomu ya ridhaa isome, meno yaliyoandikwa yalingane na mliyokubaliana, na uliza kabla hujasaini.

Wadogo wengi wanalazwa kwa kuvuta hewa kwenye maski, wakubwa kwa kanula mkononi (kampira ka kupitishia dawa mshipani), kuna krimu ya ganzi inapakwa kama saa moja kabla ili sindano isiume, iulizie. Kama hospitali inakuruhusu kuingia nae, ujue utakachokiona: macho yanazunguka, anatupa mikono na miguu, anakoroma, alafu ghafla analegea mikononi mwako. Ni kawaida, lakini kwa mama inaumiza, kwa hiyo kama unajijua huwezi aingie baba au shangazi. Ukiambiwa toka, toka mara moja, hapo macho ya kila mtu yanatakiwa yawe kwa mtoto.

Ndani mpira wa hewa mara nyingi unapitishwa puani ili mdomo ubaki wazi, na nyuma ya koo inawekwa shashi kuzuia damu na maji, inahesabiwa ikiingia na inahesabiwa ikitoka. Atachomwa na ganzi pia akiwa amelala, asiamke na maumivu.

Hatua ya 8: kuamka

Huku ndio kwangu. Tunamlaza ubavu ili mate na damu vitoke nje. Kuna watoto wanaamka wametulia wanaomba maji, na kuna wanaoamka wanapiga mateke, wanalia, wanamsukuma mama yao kama hawamjui. Hiyo ni dawa inatoka, inatokea sana kwa wadogo, inaisha kwa kawaida ndani ya nusu saa na baadae hakumbuki. Usimkemee na usimtikise, mshike asianguke, ongea taratibu, sauti yako anaisikia. Mate yenye damu damu, sauti ya kukwaruza, damu kidogo puani, kutapika mara moja, vyote vinatarajiwa.

Msituharakishe. Ataondoka akiwa macho, anapumua vizuri bila oksijeni ya kuongezewa, hatoki damu, ameshakunywa kimiminika. Foleni ya jioni barabarani sio sababu ya kumtoa mapema. Na asipande bodaboda, tafadhali. Kwenye gari mtu mzima mmoja akae nae nyuma kichwa kisiinamie kifuani, dereva awe mwingine. Mkitoka mkoani laleni mjini siku hiyo.

Hatua ya 9: nyumbani

Saa mbili mpaka nne za mwanzo mdomo bado una ganzi na watoto wanautafuna kama bigijii kwa sababu hawausikii, kesho yake umevimba na una kidonda cheupe, watu wanadhani ni usaha. Kaa nae, mwangalie mdomo tu. Mpe maji, kisha uji wa vuguvugu, mtori, viazi vilivyopondwa. Hamna mrija, hamna kusukutua siku ya kwanza, kuanzia kesho maji ya chumvi ya vuguvugu na mswaki unaendelea kama kawaida kwenye meno mengine.

Maumivu: parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 16 ni miligramu 240, kwa sirapu yenye 120 kwenye mililita 5 hiyo ni mililita 10, lakini soma chupa yako maana kuna sirapu kali zaidi ya hiyo. Anza kabla ganzi haijaisha. Asipirini hapana kwa watoto, na dawa zenye kodini au tramado hapana kwa aliye chini ya miaka 12, hata kama zimebaki kabatini kutoka kwa mtu mzima.

Damu ikianza kutoka aume shashi safi kwa nguvu dakika 20 mpaka 30 bila kuchungulia. Rudini hospitali haraka ikiwa bado inatiririka baada ya hapo, au haamshiki, au anapumua kwa shida na midomo kwa ndani na ulimi vimekuwa vya bluu au kijivu (kwa ngozi zetu angalia ndani ya mdomo, nje hutaona), au anatapika kila kitu, au siku ya pili ana homa juu ya 38.5 na uvimbe unaongezeka. Siku hiyo asipande baiskeli wala ngazi peke yake, na usiku alale chumba kimoja na nyie.

Hatua ya 10: asirudi tena

Wanaorudi kulala mara ya pili ni wale ambao nyumbani hakijabadilika kitu. Chupa ya maziwa au juisi kitandani ife kabisa, akiamka usiku ni maji. Soda na pipi na biskuti visiwe vya kutwa nzima, kama ni lazima basi vije pamoja na chakula. Mswaki mara mbili, wa usiku ndio mkubwa, dawa yenye floraidi, ukubwa wa punje ya mchele kwa chini ya miaka 3 na punje ya njegere kwa miaka 3 mpaka 6, na apigishwe na mtu mzima mpaka miaka 7 au 8, hawawezi peke yao. Mlioko Arusha na Kilimanjaro ambako maji mengi yana floraidi ya asili nyingi, mwambieni dokta mnakunywa maji ya wapi. Wiki moja au mbili baada ya matibabu mrudi aangaliwe kofia na vidonda, kisha kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, na kila mkienda mkumbushe dokta ampake vanishi ya floraidi, inachukua dakika chache na anakaa mapajani kwako.